Kosa la Gaudiosa

Dada yangu hakusahau kuchoma kisu. Hili nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu Muleba yote, na sasa hata hapa Bukoba, kila mwenye migomba ameshasikia kwamba alisahau. Kulisema hakutamdhuru tena. Wanaoweza kumnyang'anya kibanja walikuwepo siku ile, na wanaujua ukweli kama ninavyoujua mimi.

Jina langu ni Avit. Ni fundi bati hapa Kashai, natengeneza majiko, makarai na mifereji ya mvua. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo asiyependa ninavyoandika anivumilie. Dada yangu Gaudiosa aliolewa upande wa Kamachumu, huko Muleba, akafiwa na mume wake Dastan, akabaki na watoto na kibanja. Asiye mtu wa huku aelewe kwamba kibanja kwetu ni nyumba, ni chakula, na ni makaburi ya wenye nyumba. Dastan amezikwa katikati ya migomba yake. Mjane akikitunza kibanja, ukoo wa mume unamwacha akae. Kikigeuka kichaka, wanasema ameshindwa, na anarudi kwao na masanduku. Sheria inasema vingine, najua. Ila sheria iko ofisini Muleba mjini, ukoo uko mlangoni.

Basi ukaja mnyauko. Mgomba unaanza kulegeza majani kama mtu mwenye homa, ndizi zinaiva hovyo mkungu ukiwa bado mchanga, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Ugonjwa huo unatembea na visu. Unakata mgomba mgonjwa, unaenda kukata mzima, umeshaupanda ugonjwa. Wataalamu walitufundisha hivyo, nao walisema kweli. Walisema tung'oe shina zima na mizizi yake na tuchome visu motoni. Kisha wakapanda gari wakaondoka, sisi tukabaki tunajiuliza nani ana nguvu za kung'oa kibanja kizima, na moto wa kuchomea kisu utaubebaje kutoka mgomba hadi mgomba.

Hapo ndipo watu wakaanza kutengeneza mambo yao. Kikundi kilianzia nyumbani kwa Agnetha, mama katekista, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kigango kizima. Walikiita Onesha Kosa. Kanuni yake ilikuwa kila mkutano mtu mmoja asimame aoneshe alichojaribu kikaharibika, na watu wampigie makofi. Kilichofanikiwa kingejitangaza chenyewe, alisema Agnetha. Mmoja alionesha kwamba alikata shina moja tu lenye ugonjwa usawa wa ardhi, akayaacha mengine, ikasaidia. Mwingine alisema kwake haikusaidia, wakaenda kuangalia kwa nini, wakakuta alichelewa. Mwingine alikuja na mti wenye panda wa kuvunjia lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, maana wadudu huleta ugonjwa kupitia hapo, na ukilivunja kwa mti badala ya kisu hujagusa chochote kwa chuma. Hakuna aliyeulizwa hiyo akili ni ya nani.

Mimi niliingia kwa sababu ya kopo. Gaudiosa alinieleza shida ya moto, nikachukua kopo la rangi, nikalitoboa, nikalitia mpini wa waya, makaa ndani, kisu unakisokomeza humo unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Basi. Jirani yangu hapa Kashai, Ayubu, fundi redio, alilitazama akasema halipumui, akanionesha matundu yakae wapi. Agnetha alilitia kifuniko chenye mpasuo ili mvua isizime makaa. Wanawake walilalamika kwamba linawaunguza kanga, mpini ukarefushwa. Mtu wa kijiji cha pili alilitengeneza kwa debe, likawa zito, akaonesha kosa, akapigiwa makofi. Kila mtu aliyelitaka nilimwonesha namna ya kulikata. Watu wakatumiana sauti kwenye simu, wasio na simu walikuja Jumapili baada ya Misa. Sijawahi kuona watu wakijifunza namna ile. Darasani nilipigwa kwa kukosea. Huku mtu alikosea, akashukuriwa, na kesho yake kijiji kizima hakirudii.

Kanuni ya pili ndiyo iliyotuua. Kwenye mpaka wa kila kibanja kunakaa kopo, na kila anayeingia anapitisha kisu chake motoni kabla hajavuka. Kila mtu, kila kisu. Kwa sisi wa rika moja ilikuwa rahisi, tulitaniana tukapitisha. Wazee hawakuwa wanakuja kwenye kikundi. Walisema ni mchezo wa wanawake na makopo.

Ikafika siku wageni wakatoka Bukoba. Shirika fulani lilisikia habari zetu, likaleta basi dogo la wakulima na vijana wenye kamera waone wanakijiji wanavyojifundisha wenyewe. Kikundi kikachagua kibanja cha Gaudiosa, kwa kuwa ndicho kilikuwa safi kuliko vyote, hakijaugua hata shina. Nilifunga karakana, nikaenda. Agnetha aliona siku kubwa kama ile haiwezi kufunguliwa bila mzee. Akamwalika Rugemalira.

Rugemalira ni kaka mkubwa wa baba yake Dastan. Baba mkwe wa Gaudiosa alishafariki, hivyo kwa ukoo huyu ndiye baba mkwe wake, na ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kibanja kile. Nyuma ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na uwazi mkubwa uliofunikwa majani makavu. Migomba ilikuwa imekatwa pale. Alisema anataka kujenga choo. Kijiji kizima kilijua ni mnyauko, na kijiji kizima kilimuuliza choo kinaendeleaje.

Pia mjue tabia ya wazee wetu. Mzee akiingia kibanja cha mtoto wa ukoo hakai kwanza. Anatoa muhoro wake, kile kisu kilichopinda ncha, anakata jani kavu moja au mawili, ndipo anasalimiwa. Ni namna ya kusema hapa ni kwetu, na mimi natunza. Mwenye nyumba anashukuru. Kumzuia ni kumwambia si kwake.

Wageni walipanga foleni kwenye kopo, wanacheka, kijana mmoja akaunguza kidole, Agnetha akamwambia sasa amesajiliwa. Rugemalira akaja na fimbo, koti na muhoro kiunoni. Akalipita kopo kama mtu anavyompita mbwa wa jirani.

Nilikuwa nimesimama palepale. Nikamwambia, "Taata, muhoro upite motoni kwanza."

Akasimama. "Umesema nini?"

"Upite motoni. Wote wamepitisha."

"Hao wote ni wageni. Mimi naingia kwangu." Akageukia watu wa kamera. "Huyu fundi wa makopo anasema nimemletea ugonjwa mjane wa mwanangu. Mpigeni picha, aseme tena msikie."

"Sijasema una ugonjwa, Taata. Ni kanuni ya kikundi."

"Kanuni ya kopo la rangi. Migomba hii aliipanda ndugu yangu kabla mama yako hajakufuta kamasi. Aliichomea nini? Niambie, aliichomea kopo gani?"

Watu walicheka, hata mimi karibu nicheke, maana mzee anajua kusema. Lakini sikusogea njiani. Agnetha akaja mbio na tabasamu la wageni, akaniambia kwa chini nisiharibu siku. Nikamjibu kwa sauti kwamba siku ndiyo hiyo inayoharibika. Ndipo Gaudiosa akatoka ndani, akapiga magoti kumsalimu mzee kama inavyopasa, na bila kuniangalia akasema, "Kaka, ondoka njiani. Baba apite."

Nikaondoka njiani.

Mzee akakata jani kavu. Angeishia hapo labda tungepona. Ila kamera zilikuwa zinamtazama, na kijana mmoja akamwomba afanye kitu kinachoonekana vizuri. Rugemalira akanyoosha mkono kwenye mgomba ulio karibu na kaburi la Dastan, akakata lile ua jekundu kwa muhoro, chwa, jambo lenyewe hasa tuliloita watu wa Bukoba waje wafundishwe wasilifanye. Mti wenye panda ulikuwa umeegemezwa ukutani. Wageni wakapiga makofi. Nadhani walidhani ni sehemu ya somo.

Mvua za vuli hazijaisha, mgomba ule ukalegeza majani. Ule ule, wa kaburini. Gaudiosa aliukata usawa wa ardhi, akafanya kila tulichojifunza, lakini mzee siku ile alikuwa ametembea kibanja kizima akikata hapa na pale, na ugonjwa ukatokea kila alipopita. Ungeweza kufuata njia yake kama nyayo kwenye matope. Nilipokwenda Jumamosi nilikuta nusu ya upande wa chini imelala. Watoto walikuwa wanakula mihogo.

Neno la ukoo halikuchelewa. Mdogo wake Dastan alitumwa kusema kwamba wazee wameona kibanja cha ndugu yao kinakufa, na kwamba shemeji asijisumbue, kuna kijana wa ukoo atakuja kukitunza. Gaudiosa angeweza kubaki ndani ya nyumba. Kwa sasa. Hakuna mjane asiyejua maana ya hayo maneno.

Mimi niliona njia ni nyepesi. Kikundi chetu kinaitwa Onesha Kosa, na kosa tumeliona kwa macho. Mkutano uliofuata tungesimama, tungesema muhoro wa mzee haukupita motoni, ugonjwa umefuata muhoro. Basi ukoo usingeweza kumlaumu mjane, na vikundi vingine vingejua kwamba kopo peke yake halitoshi, lazima watu wafundishwe pia namna ya kumwambia baba mkwe. Hilo ndilo lilikuwa somo letu kubwa kuliko yote, na tulikuwa tumelilipia tayari.

Siku ya mkutano nilifika mchana, nikamkuta dada yangu jikoni anamenya ndizi chache zilizobaki. Nikamweleza nitakavyosema. Akaendelea kumenya. Kisha akasema ameshakwenda kwa Rugemalira, amempelekea pombe ya rubisi, amempigia magoti na kumwomba msamaha.

Nikamuuliza, msamaha wa nini.

"Wa kosa langu," akasema. "Nilisahau kuchoma kisu."

"Wewe hujasahau kisu hata siku moja."

"Leo mkutanoni nitasema nilisahau. Yeye atasema amenisamehe. Kijana wao hatakuja, na ukoo utanipa machipukizi safi ya kupandia upya. Tumeshapatana."

Nikamwambia hiyo si kuonesha kosa, hiyo ni kulificha. Akaweka kisu chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Nikisema ni yeye, kesho sina kibanja. Nikisema ni mimi, ninacho. Wewe ungechagua lipi?"

"Na watu watajifunza nini?"

"Watajifunza kuchoma visu. Si ndicho mnachotaka?"

"Kuchoma wanajua. Wasichojua ni kumwambia mzee."

"Wewe ulijua," akasema. "Ulimwambia mbele ya watu wote. Ilisaidia nini?"

Nikatoka nje. Lakini mimi ni mtu nisiyeweza kumeza kitu kikapita. Wengine wanaita hivyo ukweli, dada yangu anaita kiburi.

Mkutano ulijaa kuliko siku zote. Rugemalira alikuja, akapewa kiti. Gaudiosa alisimama akaeleza alivyoharakisha siku fulani, alivyotoka mgomba huu kwenda ule bila kupita kwenye kopo. Alisema vizuri, kwa sauti ya chini. Watu wakapiga makofi, yale makofi yetu ya kumshukuru aliyekubali kukosea. Niliwatazama mmoja mmoja. Karibu wote walikuwepo siku ya wageni. Walipiga makofi wakitazama miguu yao.

Nikasimama. Nikasema, "Muhoro wa mzee Rugemalira haukupita motoni. Ulikata ua kwenye mgomba wa kaburini, na mgomba wa kaburini ndio ulioanza. Mlikuwepo. Nani aliona?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mzee alikuwa anatazama dari kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Agnetha, ambaye nilimheshimu, angeweza kusema lolote pale. Alichofanya ni kumgeukia dada yangu, akamuuliza kwa upole kama ninayosema ni kweli.

Gaudiosa akasema, "Kaka yangu ananipenda sana. Ndiyo maana anatafuta mtu wa kumsingizia."

Watu wakanung'unika kwa huruma, huruma ya kunihurumia mimi, fikirini. Mzee mmoja akanishika mkono akanikalisha kama mlevi wa msibani. Rugemalira akasema amemsamehe mkamwana wake, na huyu fundi naye amemsamehe, maana uchungu wa dada unamfanya mtu aropoke. Makofi tena.

Kibanja akabaki nacho. Machipukizi aliletewa kama walivyopatana, akapanda upande wa juu ambao haukuguswa, na watoto wanakula. Siwezi kusema alikosea hesabu zake. Ila mwaka huohuo muhoro wa mzee ulikata majani kwenye vibanja vya wapwa zake wengine, na kwao migomba ikalala. Mmoja alisimama kwenye kikundi akasema mbuzi wake alitafuna shina gonjwa akaenda kutafuna zima. Mwingine alisema mtoto alichezea kisu. Walipigiwa makofi wote wawili. Watu wakarudi nyumbani kufunga mbuzi na kuficha visu, na ugonjwa ukaendelea kutembea na fimbo na koti.

Kosa la Gaudiosa nalo likasafiri. Agnetha alirekodi sauti, ikaenda kwenye simu, ikafika Kahororo, ikafika vijiji nisivyovijua. Wageni wakaanza kuja tena, safari hii kumsikiliza yeye. Nilimkuta siku moja akifundisha, nikasimama nyuma ya jiko nikasikiliza. Kulikuwa na mambo mapya. Sasa simu ilikuwa imeita. Sasa kulikuwa na chungu motoni kilichokuwa kinaungua, akaacha kisu juu ya jiwe akakimbia, akarudi akakichukua bila kufikiri. Mama mmoja alilia.

Wageni walipoondoka nilimuuliza hayo ya chungu ameyatoa wapi.

"Wanauliza maswali," akasema. "Ilikuwaje, ulikuwa unafanya nini, ulikuwa wapi. Mmoja ananiambia labda simu iliita, nasema ndiyo. Mwingine anasema bila shaka ulikuwa unapika. Kila kikundi kinaongeza chake." Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikumzoea nacho. "Si mlitufundisha hivyo?"

Kisha akaniomba nisiwe nakuja siku za wageni. Alisema uso wangu unamtia makosa.

Katika mkutano mmoja wa wageni, kijana mwenye akili nzuri, nasema kweli, alipendekeza kwamba kisu kifungwe kwenye kopo kwa mnyororo. Ukikata, lazima ubebe kopo. Ukibeba kopo, huwezi kusahau. Watu waliruka kwa furaha. Ayubu alipata sauti hiyo kwenye simu yake, akavuka barabara akaniletea, hajui kitu, anasema, "Avit, sikia, wenzako huko wameliboresha tena." Tukakaa tukalifanyia kazi, yeye akapata namna ya kuufanya mnyororo usijikunje. Ni kazi nzuri. Nimeyatengeneza mengi. Watu wanatoka Miembeni na mbali zaidi kuja kujifunza namna ya kulikata, nami nawaonesha bure kama mwanzo. Wakiniuliza mnyororo ni wa nini, nawaambia ni wa wanaosahau.

Kikundi kiliamua kumpelekea Rugemalira moja, kama heshima kwa mzee aliyesamehe. Agnetha ndiye aliyempelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauchomoa ule mnyororo akamfungia mbuzi. Kopo ameliweka barazani. Jioni anatia makaa humo na kuwashia kiko chake, muhoro ukiwa kiunoni, na wapita njia wanamsifu kwamba mzee naye siku hizi amejiunga na kikundi.